Sura ya Sita: Kila Doa na Tarehe Yake

Kuta zimesimama, paa zimekaa, milango imebandikwa. Mtaa wetu mdogo wa Hamugembe, ulioanza katika sura ya pili kama maboksi na kipande cha plaiwudi, sasa una rangi zake za kwanza: chokaa nyeupe, krimu, samawati iliyopoa, na kijani cha duka la kona. Ukiutazama kwa mbali unapendeza. Ukiusogelea unagundua kwamba hakuna aliyewahi kuishi humo. Kazi ya sura hii ni kuuchakaza, na hapa ndipo wengi wanapoharibu kazi ya miezi, kwa kudhani kuchakaza ni kuchafua. Wanachukua rangi ya kahawia, wanaizidishia maji, wanaimwaga juu ya kila kitu, bati na lipu na barabara kwa mkupuo mmoja, na mtaa mzima unatoka umevaa sare.

Kanuni ninayofuata ni moja. Doa haliwekwi ukutani mpaka aliyeshika brashi aweze kusema limeletwa na nini na limeingia lini. Mvua, jua, moshi, kutu, mikono ya watu, matairi, mbuzi: kila kimoja kina mahali pake pa kuigusa nyumba, na kina zamu yake. Ukizifuata zamu hizo kama zilivyopokezana, la zamani chini na la karibuni juu, hata jirani asiyejua lolote kuhusu sanaa hii atautambua mtaa. Ukizichanganya atasema tu kwamba kuna kitu hakijakaa sawa, na atakuwa na haki.

Kwa hiyo tunaanza na tarehe. Mtaa wetu ni wa Jumamosi, 10 Septemba 2016, mchana, kabla ya saa 9:27 alasiri. Dakika hiyo tetemeko la ukubwa wa 5.9, ambalo kitovu chake kilikuwa upande wa Nsunga wilayani Missenyi, kina cha kilomita 40 hivi chini ya ardhi, liliutikisa mkoa wa Kagera. Watu wasiopungua 17 walifariki, mamia walijeruhiwa, maelfu ya nyumba zilianguka au kupasuka, na shule za Ihungo na Nyakato zilifungwa kwa muda kwa sababu majengo yake hayakukalika tena. Manispaa ya Bukoba iliumia, na Hamugembe ni miongoni mwa kata zilizoumia zaidi. Nyumba nyingi za kawaida zilikuwa za tofali za kuchoma, zimeunganishwa kwa udongo au kwa saruji ya kuhurumia, bila nondo wala mkanda wa zege wa kuzishika juu. Waliojenga upya hawakurudisha kuta zilezile. Mtaa wa saa 9 kamili alasiri ya siku ile ni historia tayari, ingawa waliocheza mpira ndani yake bado ni vijana.

Wapo wasomaji watakaotaka kurudi nyuma zaidi: Bukoba ya Wajerumani, iliyoanzishwa na Emin Pasha mwaka 1890, yenye Boma lake na Duka Kubwa, au Bukoba ya Juni 1915, Waingereza walipovuka ziwa kutoka Kisumu, wakaivamia na kuuangusha mnara wa simu ya upepo. Ni kazi nzuri, lakini ina mtego wa rangi. Picha za wakati ule ni nyeusi na nyeupe, na bamba nyingi za kamera za enzi hizo hazikuuona wekundu. Kilichokuwa chekundu kilitoka karibu cheusi. Udongo wetu mwekundu unaonekana katika picha hizo kama umemwagiwa masizi. Asiyelijua hilo atapaka lami mahali ambapo lami haikuwahi kufika. Mtaa wa 2016 una faida kwamba picha zake zina rangi, na zimo kwenye simu na albamu za watu. Nitazirudia picha hizo baadaye, kwa sababu ndizo zinazonipa wasiwasi.

Tarehe ikishapatikana, msimu unafuata wenyewe. Bukoba hupata mvua ya kama milimita 2,000 kwa mwaka, kwa hiyo neno kiangazi hapa hutumika kwa heshima tu. Hata hivyo mvua kubwa ni za Machi hadi Mei, za vuli huanza kukolea Oktoba, na katikati yake, Juni hadi Agosti, barabara hukauka na vumbi hupanda. Mtaa wa tarehe 10 Septemba una tope la masika lililogandia ukutani, juu yake vumbi la miezi mitatu ambalo mvua haijaliosha vya kutosha. Zamu hiyo haigeuzwi: tope kwanza, vumbi baadaye. Na kuna vitu msimu unavikataza kabisa. Mtego wa senene, wenye mabati mapya yanayong'aa, mapipa na taa kali, unatamanisha sana kuutengeneza, uacheni. Senene wenyewe huja kwa wingi Novemba na Desemba. Mbuzi, kinyume chake, ruksa hata wawili watatu wamefungwa kamba uani, kwa sababu Idd el-Haj ilikuwa siku chache mbele.

Skeli yetu ni ile tuliyoichagua mwanzo, 1 kwa 35. Mlango wa mita 2.1 una sentimita 6. Mtu mzima ana sentimita 5 kasoro kidogo. Ubao wa msingi wa sentimita 60 kwa 40 unabeba mita 21 za mtaa kwa 14, yaani nyumba nne, barabara, na uchochoro mmoja. Vipimo hivi si vya seremala peke yake, kwani doa nalo hupimwa, kama tutakavyoona.

Anza na ardhi. Usinunue rangi ya udongo wakati udongo wenyewe uko mlangoni. Chota kiasi cha kikombe kimoja ukingoni mwa barabara, ukaange kwenye kikaango kikuukuu mpaka ukauke kabisa, maana udongo mbichi una mbegu na vimelea vya ukungu, na mtaa wako utaota majani baada ya mwezi. Kisha upepete kwa kitambaa cha soksi ya nailoni, usitegemee chujio la chai. Sababu ni hesabu: punje ya mchanga ya milimita 1, kwenye skeli yetu, ni jiwe la sentimita tatu na nusu. Barabara iliyomwagiwa mchanga wa kawaida inaonekana kama kitanda cha mto. Paka gundi ya mbao iliyopunguzwa kwa maji, nyunyiza unga huo, acha ukauke usiku kucha, kung'uta uliobaki.

Utaona umekuwa mweusi kuliko ulivyokuwa mkononi. Gundi imeulowesha moja kwa moja. Ndiyo maana tabaka la mwisho la vumbi haliwekwi kwa gundi: chukua unga uleule, uupake ukiwa mkavu kwa brashi laini, kisha ugusishe ncha ya brashi yenye spiriti pembeni ili iuvute na kuushika. Spiriti ikiruka, rangi ya Hamugembe inarudi. Njia za matairi ya bodaboda zinapitishwa sasa, kabla ya vumbi kushika. Kipande cha waya mnene uliovingirishwa uzi kinatosha kuwa tairi.

Kahawa? Kila mtu Bukoba huuliza kuhusu kahawa, na swali ni halali katika mji wenye kiwanda cha TANICA. Kahawa ya unga inatoa kahawia nzuri kwenye karatasi na kwenye uzi wa kamba za kuanikia nguo. Ukutani haifai. Hunyonya unyevu wa hewa ya ziwa, inanata, na baada ya muda huota ukungu halisi, ambao skeli yake ni 1 kwa 1.

Sasa kuta. Nyumba nyingi za mtaa wetu hazina mifereji ya paa. Maji ya masika hushuka kutoka ncha ya bati, yanapiga ardhi nyekundu kwenye mstari uleule mwaka baada ya mwaka, na kila tone huruka na tope lake hadi ukutani. Matokeo yake ni mkanda mwekundu chini ya kila ukuta, kimo cha nusu mita hivi, ambao kwetu mezani ni sentimita moja na nusu. Mkanda huo una tabia zake. Uko mzito chini na unatawanyika kwa vitone kadiri unavyopanda. Hauingii nyuma ya hatua za baraza wala chini ya dirisha lililojitokeza. Mahali palipo na pipa la kukingia maji unakatika, kwa sababu maji yaliangukia ndani ya pipa. Na ukutani mwa baraza lenye paa haupo kabisa. Mtu anayepaka mkanda wa tope ndani ya baraza lililofunikwa amesema uongo, na macho ya mtazamaji humkamata hata kama mdomo haujui la kusema.

Namna ya kuupaka: changanya udongo uliopepetwa na rangi ya maji ya ukutani kidogo na maji mengi, chovya brashi ngumu ya mswaki uliochakaa, ishike chini sawa na ardhi, kisha vuta nywele zake kwa kidole zikirusha kuelekea ukutani. Tope liruke kama lilivyoruka. Funika kwa karatasi sehemu zilizokingwa. Baada ya kukauka, pitisha brashi yenye maji safi ukifuta kidogo kuelekea chini, maana mvua iliyorusha tope ndiyo pia iliyoliosha.

Paa linataka uvumilivu zaidi, na hapo nitakaa kidogo.

Bati la migongo lilipewa hataza Uingereza mwaka 1829 na mhandisi Henry Robinson Palmer, na mwaka 1837 Mfaransa Stanislas Sorel akapata ya kukichovya chuma kwenye zinki ili kisishike kutu. Mambo hayo mawili yalipokutana ndipo tulipopata paa la Afrika Mashariki nzima. Mgongo wa kawaida hadi mgongo mwingine ni inchi 3, yaani milimita 76. Gawa kwa 35 unapata milimita 2 na ushee. Ndiyo maana katika sura ya nne tulitumia studi ya milimita 16, ambayo nyuzi zake zimepishana kwa milimita 2, kuviringishia vipande vya kopo la soda. Anayefanya kazi kwa skeli ya 1 kwa 72 atachukua studi ya milimita 6, yenye nyuzi za milimita 1.

Zinki haichakai kwa siku moja. Kwanza hung'aa, kisha hufifia na kuwa kijivu chenye mabaka, kama sabuni iliyokaukia kwenye beseni. Hatua hii ndiyo inayochukua miaka mingi, kwa hiyo bati nyingi za mtaa wetu ni za kijivu hafifu. Usitumie rangi ya fedha peke yake. Paka kijivu, kisha kwa sponji ndogo dondoa kijivu cheupe zaidi hapa na pale, bila mpango. Kutu huja baadaye na huja kwa njia maalumu: kwenye matundu ya misumari, kwenye ncha zilizokatwa kwa mkasi, na pale bati linapolaliana na jingine, maana maji hunyonywa katikati yake na hayakauki. Katikati ya bati huoza mwisho.

Chukua msumari mmoja tu tuutazame. Fundi hupigilia msumari wa bati juu ya mgongo, si bondeni, ili maji yasiingie ndani. Kutu basi inazaliwa mgongoni, duara dogo la kahawia lenye kiini cheusi. Mvua ikinyesha inailamba kutu hiyo kwa pembeni hadi bondeni, na kutoka bondeni haipandi tena. Inashuka moja kwa moja hadi ncha ya paa. Kwa hiyo mchirizi wa kutu una kona: hatua fupi ya upande, kisha safari ndefu ya kushuka. Wapakaji karibu wote huchora mstari mnyoofu kutoka kwenye msumari ukipita juu ya mgongo. Maji hayawezi kutembea hivyo. Dondoa kutu kwenye msumari kwa ncha ya kijiti cha kiberiti, subiri sekunde chache, kisha kwa brashi safi yenye unyevu ivute bondeni na uishushe. Fanya hivyo kwa misumari michache. Misumari mingine ilipigiliwa jana, au fundi aliiwekea lami na raba.

Rangi ya kutu yenyewe usiihangaikie. Oksaidi nyekundu ya sakafu, ile inayochanganywa na saruji, ni oksaidi ya chuma, yaani ni ndugu wa damu wa kutu. Inauzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi kwa bei ya kawaida. Ichanganye na masizi ya chungu kwa kutu nzee, na rangi ya chungwa kidogo kwa kutu changa. Kwa bati moja lililooza kabisa, lile la choo au banda la kuku, loweka stilwaya kwenye siki siku kadhaa mpaka maji yawe kahawia, yapake juu ya unga wa chuma uliobandikwa kwa gundi, na utapata kutu ya kweli isiyohitaji kupakwa. Bati moja linatosha.

Kwenye kila paa weka bati jipya moja au mawili. Hakuna paa la miaka 20 lililobaki na mabati yake yote. Upepo wa ziwani haukubali. Bati jipya kati ya makuukuu ndilo linaloonyesha kwamba mwenye nyumba yupo na anapanda ngazi.

Moshi unafuata. Jiko la kuni liko nyuma, na moshi wake hutokea pale ukuta unapokutana na paa, hivyo masizi yanakaa chini ya kingo za bati na juu ya dirisha la jikoni, na hufifia kwenda juu, si kwenda chini. Unga wa mkaa uliosagwa, brashi kavu, mkono mwepesi.

Halafu watu, ambao mara nyingi husahaulika. Lipu karibu na mlango hupata weusi wa viganja kwenye kimo cha mita moja hivi kwa watoto, juu kidogo kwa wakubwa. Nyuma ya benchi la baraza kuna mstari mwingine wa mafuta, kwenye kimo cha kichwa cha mtu aliyekaa, mita 1.2 kutoka chini, sentimita tatu na nusu mezani: hapo wazee wameegemea miaka. Mstari huo upake kwa rangi ya mafuta iliyopunguzwa kwa tina, uusugue kwa kidole mpaka ubaki mng'ao tu. Ni doa dogo kuliko yote, na kila mgeni wa Kihaya aliyeoneshwa mtaa wa namna hii huligusa kwa kidole kabla ya kusema neno.

Tarehe inarudi tena kwenye takataka na karatasi. Uchaguzi Mkuu ulikuwa 25 Oktoba 2015, na Bukoba Mjini ulikuwa mkali: Wilfred Lwakatare wa Chadema alimshinda Khamis Kagasheki wa CCM. Miezi karibu 11 baadaye mabango ya wagombea bado yamo ukutani, lakini jua limeyala. Wino mwekundu na wa njano hufa kwanza, wa samawati na mweusi hubaki. Uso wa mgombea unakuwa wa buluu kama wa mtu aliyezama, na kijani cha chama kinageuka bluu pia. Chapisha bango dogo, lifutie rangi kwenye kompyuta kwa mpangilio huo, lichane kona, libandike, kisha ubandike juu yake tangazo jipya la mganga au la shule ya awali. Ukuta wa duka la kona una rangi ya kampuni ya simu, kama maduka mengi ya Tanzania wakati ule; kwa kuwa rangi hiyo ni mpya kuliko nyumba, ina tope kidogo na haina ukungu.

Chini, barabarani, tupa vipande vya plastiki vya milimita 2 kwa 3 vyenye rangi kali. Hivyo ni viroba. Pombe ya vifuko ilipigwa marufuku kuanzia 1 Machi 2017, kwa hiyo mtaa wa Septemba 2016 bila viroba mtaroni ni mtaa uliosafishwa na mtu asiyekuwepo. Mifuko ya rambo nayo iwepo, myeusi na ya bluu, imenaswa kwenye ua wa michongoma. Iliondolewa kisheria 1 Juni 2019. Anayetengeneza mtaa wa 2020 na kuweka rambo, au wa 2016 na kuikosesha, amefanya kosa lilelile.

Wapo watakaosema haya ni kujitesa, nani atahesabu viroba? Jibu lipo jirani, upande wa pili wa Rwanda. Mmarekani Carl Akeley alikwenda milima ya Virunga mwaka 1921 kutafuta sokwe kwa ajili ya makumbusho ya New York, akarudi akiwa mtetezi wao, na mwaka 1925 ikaanzishwa Hifadhi ya Albert katika Kongo ya Wabelgiji. Alirudi tena mwaka 1926 akiwa na mchoraji William Leigh, ili mandhari ya nyuma ya sokwe ichorwe kutokana na mahali penyewe na mimea ichukuliwe papo hapo. Akeley alifariki huko Novemba mwaka huo na akazikwa kwenye mteremko wa Mikeno. Ukumbi wenye jina lake ulifunguliwa mwaka 1936, na dirisha la sokwe lina Virunga ile ile, majani yale yale, ya mwinuko ule ule. Wageni wengi wa New York hawawezi kutaja jani hata moja. Wanajua tu kwamba wanaamini wanachokiona. Imani hiyo ndiyo tunayoitafuta kwa viroba vyetu.

Nina swali ambalo wasomaji wa Kagera wameniuliza kwa sauti ya chini: kwa nini tusitengeneze saa 9:28? Mtaa baada ya tetemeko?

Mimi nimechagua kabla, na sina mpango wa kubadili. Lakini anayetaka, afanye kwa kuelewa kitu kimoja, kwamba uchakavu wa miaka na maangamizi ya sekunde hufanana kwa mbali tu. Jenga kwanza mtaa wote kama ulivyoelezwa hapo juu, uzeeke kwa zamu zake, ukauke. Kisha uvunje. Ufa wa tetemeko kwenye ukuta wa tofali huanzia kona ya dirisha au mlango na kwenda mshazari, ukipanda ngazi kwa ngazi kwa kufuata udongo kati ya tofali. Ukuta uliotikiswa pande zote mbili hupata nyufa mbili zinazokatana. Lipu hudondoka kwa mabamba. Na hapa ndipo wapakaji wa magofu wanapokosea: mahali palipovunjika leo hapana ukungu, hapana kutu, hapana mstari wa mvua. Tofali lililopasuka ni chungwa bichi ndani, lipu iliyokatika ni nyeupe kingoni, mbao za kenchi zilizochomoka ni za manjano. Vumbi lake ni la saruji na tofali, la kijivu chenye wekundu, na limelala juu ya kila kitu, hata juu ya mkanda wa tope la masika. Ukipaka kahawia ndani ya ufa, umetengeneza nyumba iliyoachwa tangu zamani, na Hamugembe haikuachwa. Watu walikuwa ndani.

Watu hao wawekeni nje, na magodoro na masufuria yao, chini ya mwembe, kwa kuwa familia nyingi zililala nje siku zile zikiogopa mitetemeko iliyofuata. Maiti msiweke. Wenye msiba bado wanaishi mitaa hiyohiyo.

Kilichobaki ni kuufunga mtaa. Nyunyiza vanishi isiyong'aa mara mbili, nyembamba, siku isiyo na ukungu wa ziwa, la sivyo itatoka na weupe. Vitu vidogo vinavyong'aa huonekana kama vitu vya kuchezea. Mng'ao uruhusiwe kwenye bati jipya, kioo cha pikipiki, na doa la vichwa nyuma ya benchi, basi. Ukikuta vanishi imelififisha vumbi, rudisha vumbi juu yake, usiongeze vanishi tena. Funika kwa kioo au plastiki ngumu, maana vumbi la sebuleni halifuati skeli.

Narudi kwenye picha. Kila nilichoeleza hapa, kimo cha tope, kona ya mchirizi wa kutu, rangi ya ukuta wa tatu kutoka kona, kimetokana na kutazama, na nyumba nyingi za kutazamwa hazipo tena. Zimebaki nyuma ya maharusi. Picha za send-off, za kipaimara, za maulidi, za mtoto aliyemaliza darasa la saba akiwa amesimama mbele ya nyumba yao: mpigapicha alilenga watu, nyumba ikaingia bila kualikwa. Hizo ndizo kumbukumbu za Hamugembe ya kabla ya tetemeko, na nyingi zimo kwenye simu zilizopasuka kioo au kwenye albamu zinazoshikana kurasa kwa unyevu. Mwenye nazo azitoe kwenye nailoni, azipige picha upya mchana kwenye kivuli, na nyuma ya kila moja aandike kwa penseli mwaka, mtaa, na nyumba ilikuwa ya nani. Aanze na zile ambazo ukuta unaonekana hadi chini.